MTAALAMU AMESEMA: TUMWAMINI LINI?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika barua, kutunza mafaili, kuandikisha wakulima wanaotaka mbegu na mbolea, na kupiga mhuri. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, nikafundisha hesabu na Kiswahili miaka michache. Magonjwa ya ng'ombe sikuyasomea hata siku moja. Naanza kwa kueleza hivyo kwa sababu habari nitakayoisimulia ilitokea siku niliyosahau jambo hilo.

Ilikuwa wakati wa mvua ndefu. Alikuja ofisini mama mmoja wa skimu yetu, mwenye ekari tano upande wa mtoni. Alikuwa na ndama jike wa gredi, umri wake miezi mitatu, naye alimtunza kama mboni ya jicho. Ng'ombe aliyemzaa ndama huyo alinunuliwa kwa mkopo, na mkopo ulikuwa haujaisha. Mama alimtafuta Bwana Mifugo asimkute, maana alikuwa amekwenda kwenye josho la juu. Basi akanigeukia mimi.

"Bwana Karani, mwanangu," akasema, "ndama wangu ana uvimbe chini ya sikio, tena hanywi maziwa vizuri. Ni ugonjwa gani huo?"

Kama ningalisema, "Sijui, Mama, ngoja nimpigie Bwana Mifugo simu," mambo yangalikuwa mengine. Lakini nilikuwa nimeketi nyuma ya meza, nimevaa tai, nina kalamu mbili mfukoni, na wakulima wawili walikuwa wakisikiliza. Niliona haya kusema sijui. Nikamjibu, "Hilo ni jipu tu, Mama. Labda amechomwa na mwiba. Likande kwa maji ya moto yenye chumvi, litapasuka lenyewe." Akanishukuru sana, akaenda zake.

Siku ya sita ndama akafa, mapovu yakimtoka puani. Bwana Mifugo alipofika alitazama kidogo tu, akasema ni ndigana kali, ile homa iletwayo na kupe. Akaeleza kwamba dawa yake ipo, na kama angaliitwa siku uvimbe ulipoonekana, huenda ndama angalipona. Mama hakunitukana. Alisema tu, "Nilimwuliza mtu wa kilimo." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya neno hili "mtaalamu", na jinsi tunavyolitumia.

Kwanza, mama yule hakukosa kwa kuwa aliamini. Kila mmoja wetu huamini maneno ya wengine kila siku. Nani katika skimu hii amekiona kijidudu cha ndigana kwa macho yake? Nani aliyepima mwenyewe dawa iliyo ndani ya kidonge cha malaria kabla ya kukimeza? Mtu atakayesema haamini ila alilolijaribu mwenyewe hatapata nafasi ya kupanda hata mstari mmoja wa viazi. Hapana budi kuamini wanaojua. Kosa lilikuwa kwamba mama alitazama meza na tai, akadhani elimu ya ng'ombe iko hapo. Na kosa kubwa zaidi lilikuwa langu, maana nilijua haiko.

Nje ya ofisi yetu pana benchi ambalo wakulima hulikalia wakingoja zamu. Mashauri mengi ya skimu huamuliwa pale kabla hayajafika kwenye kamati. Wiki chache baada ya kufa kwa ndama yule, niliwasikia wazee wawili wakibishana juu ya josho. Mmoja alisema, "Bwana Mifugo amesema tuogeshe ng'ombe kila wiki. Amekwisha sema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mwenzake akacheka. "Hao wataalamu! Mwaka huu wasema hivi, mwaka ujao vile. Baba yangu alifuga ng'ombe wengi, hakujua josho ni kitu gani."

Niliona kwamba wote wawili wamepotea njia. Mzee wa kwanza alichukua jina la mtaalamu kama rungu la kumnyamazishia mwenzake. Hakuweza kueleza kwa nini iwe kila wiki na si kila mwezi. Kama angaliulizwa, angalirudia tu, "Amesema." Tena ile methali yake ni njema, lakini yafaa tuulize: mkuu wa nini? Mimi nami nilikuwa mkuu mbele ya mama yule, na aliponisikia ndipo alipovunjika guu.

Mzee wa pili naye alikuwa na neno la kweli mkononi, akalitumia vibaya. Baba yake alifuga ng'ombe wa kienyeji, mahali ambapo kupe wa ndigana walikuwapo siku zote. Ndama wa namna hiyo hupata ugonjwa wangali wadogo; wengine hufa, na wanaopona hawaugui tena kwa urahisi. Kwa hiyo baba yake alikuwa mjuzi wa kweli, lakini wa ng'ombe wale, mahali pale. Ng'ombe wa gredi tunaowafuga sasa hawana nguvu hiyo. Ujuzi wa mzee yule haukuwa wa uongo, ila haukuhamia kwa ng'ombe wa namna nyingine.

Ndugu msomaji, kuhusu ugonjwa huu huu iko habari ya zamani inayonifaa hapa, nami nitaieleza kwa urefu kidogo, maana inaonyesha kwamba hata mjuzi mkubwa kabisa aweza kukosea, na inaonyesha pia ni nani aliyemsahihisha.

Mwaka wa 1896 na 1897 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno kusini mwa Afrika. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakaagiza ng'ombe wengine kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, wakaingizwa kwa njia ya bandari ya Beira. Mwaka wa 1902 ugonjwa mgeni ukaanza kuua ng'ombe huko. Watu wakaona umetoka kwetu, na ndiyo sababu Waingereza huuita homa ya Pwani ya Mashariki mpaka leo. Magari ya kukokotwa na ng'ombe yakakwama njiani. Serikali ikaona yafaa kumwita mtu mwenye jina kuliko wote, naye alikuwa Robert Koch, Mjerumani.

Huyu Koch hakuwa mtu wa kubahatisha. Yeye ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1882 kijidudu kinacholeta kifua kikuu, na mwaka wa 1905 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya ugonjwa huo. Kama jina peke yake latosha kuaminiwa, jina lake lilitosha. Alifika Bulawayo mwaka wa 1903. Akaona jambo la kweli, kwamba ng'ombe akiugua ndigana akapona, haugui tena. Kutokana na hilo akashauri damu ya ng'ombe waliopona itolewe, na ng'ombe wazima wapigwe sindano ya damu hiyo kidogo kidogo, mara nyingi, ili nao wapate kinga. Ilikuwa kazi kubwa na ya gharama. Njia hiyo ikajaribiwa, nayo haikuuzuia ugonjwa.

Wakati huohuo walikuwapo watu wawili wenye majina madogo kuliko lake. Mmoja ni Charles Lounsbury, Mmarekani aliyeajiriwa na serikali ya Cape kuchunguza wadudu. Wa pili ni Arnold Theiler, daktari wa wanyama kutoka Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi Pretoria. Lounsbury alichukua kupe wale wa rangi ya kahawia wapendao kukaa masikioni, akawaacha wanyonye damu ya ng'ombe mgonjwa. Kupe wa namna hiyo akishiba huanguka chini, hujivua ngozi, kisha hutafuta mnyama mwingine. Lounsbury akangoja wajivue, akawaweka juu ya ng'ombe mzima. Ng'ombe yule akashikwa na homa ileile. Theiler naye akafanya majaribio yake, akaona vivyo hivyo. Yeyote mwenye ng'ombe na kupe angaliweza kurudia jaribio lile na kuona matokeo kwa macho yake. Kijidudu cha ndigana hata sasa huitwa kwa jina la Theiler. Na kwa kuwa ilijulikana kwamba adui ni kupe, watu wakapata silaha, yaani josho.

Sasa tazama vizuri. Watu wa mwaka ule wa 1903 hawakufanya ujinga kumwita Koch. Kama mimi ningalikuwako, ningalimwita yeye. Lakini mkulima aliyesema, "Koch amesema, basi," angalipoteza ng'ombe. Na mkulima aliyesema baadaye, "Koch alikosea, kwa hiyo wataalamu wote ni bure," angalikataa josho, akapoteza ng'ombe vilevile. Aliyemsahihisha Koch hakuwa mtu wa bengi la sokoni, wala mtu anayechukia wasomi. Alikuwa mtaalamu mwingine, mwenye ushahidi ulio bora.

Tena si kwamba Koch alikosa yote. Lile neno lake kwamba ng'ombe aliyepona hupata kinga lilikuwa kweli. Katika miaka ya 1970 madaktari wa wanyama wa Muguga, hapa kwetu Kenya, walitengeneza chanjo kwa kulifuata neno hilo. Ndama hupigwa sindano yenye vijidudu hai vya ndigana, na wakati uleule hupigwa dawa ya kuutuliza ugonjwa usimshinde. Hivyo huugua kidogo, au hata haonekani kuugua, kisha hupata kinga ya miaka mingi. Chanjo hiyo huwekwa kwenye baridi kali sana, nayo hupigwa na mtu aliyefundishwa tu.

Baada ya kuisoma habari hiyo nilimwendea Bwana Mifugo na kumwuliza lile ambalo mzee wa kwanza hakuliuliza. "Bwana, kwa nini tuogeshe kila wiki?" Nilidhani atakasirika. Hakukasirika, alivuta kiti. Akaniambia kwamba kupe akipanda juu ya ng'ombe haambukizi ndigana mara moja. Hunyonya kwanza siku kadhaa, kama siku tatu hivi au zaidi, ndipo vijidudu hukomaa ndani ya mate yake na kuingia katika damu ya ng'ombe. Dawa ya josho hubaki juu ya ngozi kwa siku chache, halafu nguvu yake hupungua. Kupe atakayepanda dawa ikiwa imepungua ana nafasi ndogo tu kabla hajaambukiza. Ukiogesha tena mapema, hufa kabla nafasi hiyo haijatimia. Ukiruka wiki moja, umempa siku za kutosha.

Sikiliza tofauti iliyopo kati ya "Amesema kila wiki" na maelezo hayo. Mwenye kujua sababu aweza kujiongoza. Atajua kwamba ng'ombe akinyeshewa na mvua kubwa mara tu atokapo joshoni, dawa imeoshwa, na hiyo haihesabiki kuwa wiki ya kuogesha. Atajua pia kwamba kuchanganya dawa na maji mengi ili itoshe ng'ombe wengi ni kujidanganya. Mwenye neno "amesema" peke yake hana la kufanya mambo yakibadilika. Mimi tangu siku ile humpima mtaalamu kwa jambo hili kuliko yote: nikimwuliza "Umejuaje?", je, ananijibu, au ananionyesha cheti chake?

Kuna wengine ambao hawapendi swali hilo kabisa. Siku ya soko huja kijana mmoja amevaa koti jeupe, ana kipaza sauti na meza ya chupa. Chupa yake moja hutibu minyoo, ndigana, kuharisha, na ng'ombe asiyeshika mimba. Nilimwuliza imejaribiwa wapi, akasema imetoka ng'ambo. Ng'ambo ni mahali pakubwa! Sisemi kwamba kila auzaye dawa ni mwongo. Mwenye duka letu la dawa za mifugo amewahi kukataa kumwuzia mtu dawa akamwambia amwite daktari kwanza, nami namheshimu kwa hilo. Lakini mtu anayepata fedha ukikubali, na asiyepata kitu ukikataa, maneno yake yataka shahidi wa pili. Na siku hizi wataalamu wa koti jeupe huja hata kwa simu, sauti bila uso, na habari huzunguka skimu nzima kabla ya jioni. Ukimwuliza aliyekuletea, "Ni nani aliyesema?", hujibu, "Imetumwa na wengi."

Sasa juu ya lile shtaka la mzee wa pili, kwamba wataalamu hubadili maneno. Ni kweli hubadili. Zamani josho lilitiwa dawa ya arseniki, nayo ikaua kupe miaka mingi, mpaka kupe wengine wakaizoea wasife tena. Dawa nyingine zikaletwa, na baadhi yake nazo zikazoewa. Je, mtaalamu angeendelea kusema arseniki ili tu asionekane kigeugeu? Ndivyo ilivyo na mbolea pia. Wakulima wengi wa mahindi walishauriwa kupandia DAP kila mwaka, na mavuno yakawa mazuri. Lakini katika mashamba mengi yaliyotumia mbolea hiyo miaka mingi, udongo umezidi kuwa na asidi, na sasa wanashauriwa wapime udongo kwanza, na mahali pengine watie chokaa. Anayebadili neno na kukueleza ni kitu gani kipya alichokiona, mwamini zaidi. Anayebadili bila kueleza, mwulize. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajabadili neno hata moja tangu alipotoka chuoni.

Tena tuangalie mahali. Mahindi chotara ya Kitale, ambayo ya kwanza yake, H611, yalitolewa mwaka wa 1964, yamewatajirisha wakulima wengi wa nyanda za juu. Lakini mahindi ya aina hiyo hukaa shambani miezi sita au zaidi. Ukiyapeleka Makueni, mvua itakwisha yakiwa bado yanatoa mbelewele. Mjuzi wa Kitale hakusema uongo. Ni wewe uliyeyachukua maneno yake ukayapandisha basi bila yeye kujua. Hata hapa skimuni, shamba la bondeni na la kilimani si moja. Mtu ambaye hajaona shamba lako, wala hajauliza maji hutuama wapi, amekupa shauri la shamba jingine.

Na liko jambo ambalo mtaalamu, hata akiwa bora, hawezi kutuamulia. Bwana Mifugo aweza kusema kwa hakika kwamba ng'ombe wa gredi asiyeogeshwa yumo hatarini. Hiyo ni elimu yake. Lakini kama kamati itachanga kila mwezi au kila msimu, kama mjane aliye na ndama mmoja alipe sawa na mwenye ng'ombe kumi, kama mtu auze mtamba alipe karo ya mtoto au amweke apate maziwa, hayo si maswali ya vijidudu. Mwaka mmoja niliona mkutano ukimtaka Bwana Mifugo aamue juu ya michango, kwa kuwa "yeye ndiye mtaalamu". Alikataa, akakaa chini. Wengine walinung'unika, lakini mimi niliona amefanya vyema, maana alijua mahali ambapo ujuzi wake unakoma. Laiti nami ningalijua wangu mapema!

Wale wazee wawili bado hubishana kwenye benchi. Ila siku hizi mzee wa kwanza akisema "Bwana Mifugo amesema," mwenzake humwuliza, "Kwa sababu gani?", na mara nyingi yule wa kwanza anayo sababu ya kutoa. Mara moja nilimsikia akieleza habari ya kupe na zile siku tatu, tena bila kukosea. Mzee wa pili alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ng'ombe wa baba yake walikuwa na ngozi nene. Hata hivyo ng'ombe wake mwenyewe nimewaona joshoni mara mbili mwezi huu.

Mama wa mtoni alipata ndama mwingine jike kwa ng'ombe yuleyule. Alipofika ofisini nilidhani atapita mlangoni pangu bila kunitazama. Akasimama mbele ya meza, akaniuliza, "Bwana Karani, huyu naye achanjwe au nimwogeshe tu?"

"Sijui, Mama," nikamwambia. "Bwana Mifugo yuko ndani. Mwulize yeye, tena mwulize ana sababu gani."

Akaingia, akakaa robo saa nzima. Nilisikia sauti yake kuliko ya Bwana Mifugo. Aliuliza bei ya chanjo, siku atakazoangaliwa ndama baada ya sindano, na kama baada ya hapo aweza kuacha josho. Akajibiwa kwamba asiache, maana kupe huleta magonjwa mengine ambayo chanjo hiyo haiyazuii. Alipotoka alinipa karatasi niandike jina la ndama katika orodha ya watakaochanjwa, wakifika idadi ya kutosha kufungua dawa. Walikuwa wamebaki wanne. Mkulima yeyote wa upande wa mtoni mwenye ndama aje aandikishe; ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi.